Yosefina Ajifunza Kuunganisha Nyimbo

Nickolaus alipata kiharusi wakati wa masika, maji yakiwa yamejaa mashambani. Alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, anaunga waya wa spika uliokatika, koleo mkononi. Mkewe Yosefina alikuwa anapepeta mchele karibu na jiko. Alisikia chuma kikigonga saruji. Alipogeuka, aliona koleo liko chini na uso wa mume wake umeteremka upande mmoja, kama nguo iliyochomoka kwenye kibanio.

Walikaa hospitali mpaka maji yalipoanza kupungua. Nickolaus alirudi nyumbani Mlabani, mjini Ifakara, akikokota mguu wa kulia, mkono wa kulia umelala tumboni, na maneno yamempotea. Alijua anachotaka kusema, ulikiona machoni, lakini kilichotoka mdomoni ni "hii, hii, hii." Jina la mkewe hakuweza kulitaja. Jina la Ritha, binti yao aliyekuwa chuoni Morogoro, nalo hakuweza.

Kwa miaka mingi watu wa Ifakara walimwita DJ Niko. Harusi, vipaimara, mahafali, sherehe za kumaliza mavuno, yeye ndiye aliyepiga. Mashine zake zilikaa sebuleni chini ya kitenge: kompyuta, mikser, spika mbili kubwa zilizosimama ukutani kama wageni wasioketi. Yosefina alizijua mashine hizo kama mtu anavyovijua vitu vya mama mkwe. Alizifuta vumbi. Hakuzigusa zaidi ya hapo. Yeye alikuwa mkulima wa mpunga, na Jumapili aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango.

Nickolaus alikuwa na siku chache tu nyumbani alipokuja Mbuke. Huyu alikuwa mama wa Kisukuma kutoka upande wa Lupiro, ng'ambo ya mto, mwenye umri mkubwa kuliko wao. Tangu kabla ya Krismasi alikuwa amekubaliana na Nickolaus kwamba atapiga muziki kwenye harusi ya mwanawe Wiliam, mpunga ukishavunwa.

"Shikamoo, mama," Yosefina alisema, akimsogezea kiti.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumpa mzee pole."

Mbuke alimsalimia Nickolaus, naye akainua mkono wa kushoto. Wakaongea habari za ugonjwa, za dawa, za mguu unaokataa. Kisha Mbuke akatazama kile kitenge kilichofunika mashine.

"Nisikufiche," alisema. "Hii harusi inanitisha. Sisi ni watu wa ng'ombe. Wao ni Wandamba, watu wa mto na mashamba. Mwaka juzi ng'ombe wa kwetu waliingia kwenye mpunga wa mjomba wa huyo binti, tukapelekana baraza la kata. Watoto wakapendana hivyo hivyo. Nilimtaka mumeo kwa sababu anazijua nyimbo zetu na anazijua zao. Akipiga yeye, watu wetu wanacheza, na kabla hawajakaa wa upande wa pili nao wameinuka. Sasa sijui nimtafute nani."

"Kazi iko palepale, mama," Yosefina alisema. "Tutakuja."

"Nani atapiga?"

"Mimi."

Alilisikia neno hilo likimtoka kana kwamba limesemwa na mtu aliye nyuma yake. Nickolaus aligeuza kichwa, akamtazama. Mbuke naye alimtazama, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, halafu akashukuru na kuaga.

Usingizi wa Yosefina uliharibika tangu siku ile. Kwa nini alisema vile? Labda kwa sababu asingeweza kuvumilia kuona ile kazi ikiondoka mbele ya macho ya mumewe. Labda alidhani kupiga muziki ni kubonyeza tu. Siku iliyofuata alikitoa kitenge, akawasha, akaweka wimbo, akaweka wa pili juu yake. Nyimbo ziligongana. Zilikuwa kama watu wawili wanaosimulia misiba tofauti kwa wakati mmoja, kila mmoja akipaza sauti. Nickolaus alipiga meza kwa mkono wa kushoto. "Hii! Hii, hii!" Mshipa ulimtokea kwenye paji la uso. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba presha ikipanda tena hawezi kuahidi kitu. Yosefina alizima kila kitu na kukaa sakafuni. Mumewe alikuwa analia, na yeye hakujua kama analilia mkono wake au analilia mashine.

Ndipo alipokumbuka kuwa Hilary yuko Kidatu. Hilary alijifunza kazi kwa Nickolaus alipokuwa kijana, na sasa alikuwa na chumba nyuma ya duka la simu, anafundisha vijana kumiksi kila Jumamosi. Yosefina alipanda basi asubuhi, akapita Sanje bila hata kununua ndizi, mikono imekunjwa mapajani. Alipoingia darasani, kijana mmoja alimwinukia kwa heshima akamuuliza, "Shikamoo mama, umemfuata nani?" Alidhani amekuja kumtafuta mwanawe.

"Nimekuja kusoma," Yosefina alisema, na masikio yakamwaka moto.

Hilary alitoka nyuma ya meza. "Shikamoo, shemeji. Kaka anaendeleaje?"

Alimweleza yote. Hilary hakucheka. Alimweka mbele, akamvalisha hedifoni, akamwonyesha: sikio moja linasikiliza wimbo unaochezwa ukumbini, jingine linasikiliza wimbo ambao watu hawajausikia bado. "Hesabu nne, kisha nne tena. Wimbo mpya unaingia pale ule wa zamani unapomaliza sentensi yake. Ukiingia katikati ya sentensi, ni kama kumkatiza mtu mzima akiongea. Na besi mbili hazikai chumba kimoja. Ukiingiza ya huyu, ya mwenzake itoe kwanza. Kaka ndiye aliyenifundisha hivyo."

Akamwonyesha pia kitufe cha kompyuta kinacholinganisha mwendo wa nyimbo mbili chenyewe. Yosefina alikibonyeza, na nyimbo zikashikana. Alirudi Ifakara moyo umetulia kwa mara ya kwanza.

Utulivu haukudumu. Bongo fleva zilikubali kile kitufe, lakini nyimbo alizozitaka Mbuke zilikataa. Ngoma za Kisukuma na sangula, ngoma ya Wandamba, zilikuwa zimerekodiwa na watu wanaopiga kwa mikono. Mpigaji akichangamka anakimbia, akichoka anarudi nyuma, na kompyuta ikahesabu mahali pasipo na mdundo. Jumamosi iliyofuata alimuuliza Hilary afanyeje.

"Hapo kitufe hakikusaidii, shemeji. Hapo ni sikio."

"Na kama sina hilo sikio?"

"Sijui," alisema. Yosefina alipenda kwamba hakumdanganya, lakini njia nzima ya kurudi alikuwa anahesabu nne nne kwa vidole mapajani.

Mpunga ulianza kuiva. Asubuhi alikwenda shambani, mchana akarudi kumwogesha mumewe na kumlisha, kisha akafunga dirisha la mbele majirani wasisikie, akaanza mazoezi. Alihesabu kwa sauti. Alikosea. Alianza upya. Mchana mmoja alikuwa amepotea kabisa katikati ya sangula, hajui hesabu ya kwanza iko wapi, aliposikia nyuma yake sauti ya mwanamume, safi, isiyo na kigugumizi: "Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne."

Aligeuka akidhani kuna mtu ameingia. Alikuwa Nickolaus, anagonga goti kwa vidole vya kushoto.

"Baba Ritha," Yosefina alisema. "Umeongea. Niite jina langu."

Nickolaus alifungua mdomo. "Hii," alisema. "Hii, hii." Macho yakamjaa machozi. Lakini Yosefina aliporudisha wimbo mwanzo, hesabu ilimtoka tena, mahali pake hasa. Muuguzi aliyekuja kumnyoosha mkono aliwaambia kwamba wagonjwa wengine huwa hivyo. Maneno ya kawaida yanapotea, hesabu na nyimbo zinabaki. Asitegemee zaidi ya hapo kwa haraka, alisema.

Basi wakawa wanafanya kazi hivyo. Nickolaus alihesabu, mkewe akasogeza vidude. Polepole Yosefina akagundua kwamba kuna jambo alilokuwa analifanya kanisani miaka yote bila kulifikiria: kuishika sauti yake huku akiisikia sauti ya mwenzake, asivutwe nayo wala asiiache. Siku nyingine alifanikiwa mara kadhaa mfululizo. Siku nyingine hakufanikiwa hata mara moja, na Nickolaus akapandwa hasira, mshipa ukamtoka, na Yosefina akazima mashine kwa hofu na kumpa maji. Alijifunza kumiksi huku jicho moja likiwa kwenye paji la uso la mumewe.

Siku ya harusi ilifika. Luciana, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aliahidi kukaa na mgonjwa. Yosefina alimwachia Nickolaus simu ndogo kwenye goti. Walikubaliana kwamba sherehe ikianza atampigia na kuiacha laini wazi, asikilize kila kitu.

Viktor, mwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anabeba spika za DJ Niko na kumfungia waya, alipakia mizigo. Walipokuwa wanavuka daraja alimuuliza, "Mama Ritha, una hakika?"

"Sina," Yosefina alisema. Viktor akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuendesha.

Ukumbi wa Lupiro ulikuwa umegawanyika wenyewe bila mtu kuugawa. Kulia, ndugu wa bwana harusi, wanaume waliovaa kofia pana, wanawake wamejifunga vitenge vya sare. Kushoto, watu wa bibi harusi. Mjomba mwenye ule mpunga alikaa mbele, mikono kifuani. Mbuke alikuja mezani kwa Yosefina kabla ya maharusi kuingia, akamshika mkono.

"Mkono wako wa baridi, mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Nakuomba kitu kimoja. Usiwakalishe wangu kwanza ndipo uwainue wao. Wakishakaa, wamekaa. Wakutane katikati."

Yosefina aliitikia. Chakula kilipoletwa alikisogeza pembeni. Alimpigia mumewe, akasikia pumzi zake upande wa pili, akaiweka simu karibu na mikser.

Maharusi waliingia vizuri. Keki ilikatwa vizuri. Zawadi zilipita kwa nyimbo nyepesi ambazo kitufe kilizikubali. Kisha ikafika zamu ya kucheza. Aliweka wimbo wa Kisukuma, na upande wa kulia wote ukainuka, miguu ikaitikia sakafu, vumbi likapanda. Upande wa kushoto walitazama. Yosefina alivaa hedifoni, akaitafuta sangula, akaanza kuhesabu. Alidhani ameipata hesabu ya kwanza. Akaiingiza.

Hakuwa ameipata. Sangula iliingia katikati ya sentensi, na besi ya wimbo wa kwanza alikuwa hajaitoa. Ngoma mbili ziligongana ukumbini kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kuzisikia zikigongana sebuleni. Wachezaji walisimama, mguu mmoja hewani. Mtu upande wa kushoto alicheka. Wasukuma wa pembeni wakaanza kurudi kwenye viti vyao.

Yosefina aliitazama simu. Kioo kilikuwa cheusi. Laini ilikuwa imekatika.

Wazo lililomjia halikuwa la harusi. Aliona paji la uso la mumewe, mshipa, kiti cha plastiki.

"Mama Ritha," Viktor alisema sikioni mwake, "toa mmoja."

Alitoa sangula. Wimbo wa Kisukuma ulibaki peke yake. Aliurudisha kwenye kiitikio, pale penye sauti za watu wengi, na wale waliokuwa wanarudi kwenye viti wakageuka, kwa sababu kiitikio hicho mtu hakipi mgongo. Alisubiri. Midomo ikawa inahesabu. Akaondoa besi, zikabaki sauti na njuga tu. Wachezaji wakajaza mahali pa besi kwa miguu yao. Sentensi ilipoisha, akaingiza ngoma ya sangula chini yake. Safari hii ilikaa.

Shangazi mmoja wa bibi harusi aliinuka. Akafuatiwa na mwingine. Walijipanga, wakasogea katikati bila haraka, wanawake wa Kisukuma wakawapisha kidogo tu, si sana. Mbuke akaingia kati yao. Hawakucheza pamoja kama watu wa ukoo mmoja, lakini sakafu ilikuwa moja na hakuna aliyekaa. Mjomba hakuinuka. Alikaa vile vile mpaka alipoaga mapema.

Yosefina hakuona mengi ya hayo. Alikuwa anapiga simu. Ya Nickolaus haikupatikana. Ya Luciana iliita mpaka ikakatika yenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Viktor, nenda nyumbani," alisema. "Nenda sasa hivi ukamtazame."

"Na wewe hapa? Waya zikisumbua?"

"Nenda."

Kirikuu kiliondoka. Alibaki peke yake na mashine. Kuondoka hakuweza, akiondoka muziki unakatika, na ukikatika kila upande unarudi kwenye viti vyake. Kubaki nako kulikuwa kama kusimama juu ya siafu. Aliweka wimbo wa mduara, akaunganisha na kwaito, akaunganisha na wimbo mwingine wa Kisukuma. Mikono ilifanya kazi, akili ikiwa nyumbani Mlabani. Mara mbili tatu alikosea kidogo na hakuna aliyegundua. Alimwomba Mungu kwa maneno mafupi, katikati ya hesabu.

Simu iliita akiwa katikati ya kuunganisha, mikono yote miwili imeshika vidude. Akiachia, nyimbo zinagongana. Aliiacha iite. Moja, mbili, tatu, nne. Alitoa besi, akaingiza besi, akaona watu wanaendelea, ndipo akaikamata simu na kuibana kwa bega.

"Yupo," Viktor alisema. "Alianguka akiinuka kwenye kiti. Ana uvimbe usoni, lakini yupo. Amekaa, anakunywa chai."

"Anaongea?"

"Anaongea vile vile anavyoongeaga."

Yosefina alishika ukingo wa meza. Mbuke alimwona kutoka katikati ya wachezaji, akaja, akasikia habari. Alivuta kiti akaketi karibu naye mpaka muziki ulipozimwa, jua likiwa bado halijazama.

Viktor aliporudi kumchukua na kumfikisha nyumbani, Yosefina alimkuta Luciana mlangoni, amejifunga kanga kiunoni, uso umemshuka.

"Nisamehe, Mama Ritha. Mbuzi waliingia kwenye mpunga wangu niliouanika. Nilitoka kuwafukuza tu. Simu niliiacha kwangu. Kurudi namkuta chini."

Yosefina alitaka kukasirika, akashindwa. Mpunga ulioanikwa na mbuzi, yeye angefanya nini tofauti? Aliingia ndani. Nickolaus alikuwa kwenye kochi, paji la uso limevimba juu ya jicho la kulia. Simu ilikuwa imeisha chaji wakati ule ule nyimbo zilipogongana. Alikuwa ameinuka kutafuta waya wa kuichajia, na mguu ukakataa. Kwa hiyo alichokisikia mwisho ni lile kosa. Mchana kutwa alikuwa amebaki nalo.

Alimwonyesha mkewe sikio lake, kisha akafungua kiganja: ikawaje?

Yosefina aliketi chini mbele yake na kumsimulia. Alimwambia jinsi walivyosimama mguu hewani, jinsi mtu alivyocheka, jinsi alivyourudisha wimbo kwenye kiitikio. Aliposema kwamba alitoa besi akaacha sauti na njuga, Nickolaus alimzuia kwa mkono. Akatikisa kichwa. Akagonga goti, akaonyesha kwa vidole kwamba angeiondoa mapema zaidi, hapa, si pale. Yosefina alimtazama mtu huyu mwenye uvimbe usoni anayemsahihisha, akaanza kucheka na kulia pamoja, na Nickolaus naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Tangu hapo Yosefina amepiga sherehe nyingine kadhaa, za mchana tu. Haendi popote mpaka awepo mtu wa kukaa na mumewe bila kutoka, na Ritha akiwa likizo ndiye anayekaa. Watu wengine wa Ifakara wamemzoea, wengine bado wakifika kukodi muziki wanamuuliza DJ mwenyewe yuko wapi. Kwa Hilary anaendelea kwenda Jumamosi anapopata nafasi. Singeli bado imemshinda. Inakwenda mbio mno. Ana kipaimara cha kupiga Lipangalala mwezi ujao, na vijana wa huko wameshamwambia kwamba singeli ndiyo wanayoisubiri. Mchana huu tena amefunga dirisha la mbele, anahesabu.